Asidi ile ukoko, isile boila

Wateja wetu kadhaa, hasa wenye boila za kufulia hotelini na hospitalini, wametuuliza: eti antibayotiki zilizoisha muda zinazuia asidi isile chuma? Ni kweli. Ila sisi mafundi wa kusafisha boila hatuzitumii.

Boila ikishika ukoko wa chokaa, mirija haipitishi joto vizuri na mafuta yanaungua bure. Dawa yake ni kuzungusha asidi ya haidrokloriki mpaka ukoko uyeyuke. Tabu ni kwamba asidi haichagui. Ikimaliza chokaa inahamia kwenye chuma chenyewe: utaona vipovu vidogo vikipanda mfululizo. Hiyo ni haidrojeni, na maana yake boila yako inaondoka na maji machafu.

Ndiyo maana huchanganywa kizuizi. Molekuli zenye naitrojeni, salfa au oksijeni hunata juu ya chuma na kutanda utando mwembamba mno, asidi ikakosa pa kushika. Ampisilini, mojawapo ya antibayotiki, inazo zote tatu, na watafiti wameshazijaribu dawa za namna hiyo maabara kwa kulinganisha uzito wa vipande vya chuma kabla na baada ya kulowekwa.

Sasa, maji ya kuoshea boila mwisho wake ni mtaroni, na antibayotiki mtaroni zinavizoesha vijidudu dawa. Hilo peke yake linatutosha kukataa. Tena kwa Tanzania, dawa zilizoisha muda huteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Si bidhaa ya kununua mlango wa nyuma.

Tunachotumia ni heksamini. Cha kuchekesha, nayo ni dawa ya hospitali, ya kukinga maambukizi ya njia ya mkojo! Ndani ya asidi huvunjika polepole na kutoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu, ambayo ndiyo inayoua bakteria kwenye mkojo. Kwa hiyo madirisha ya chumba cha boila yafunguliwe yote, na fundi asiingie bila barakoa ya kemikali.

Kabla ya kuanza tunaloweka vipande viwili vya chuma, kimoja kwenye asidi tupu, kingine kwenye asidi yenye heksamini, kisha tunavipima kwenye mizani mbele yako.

Ukitupigia, tuambie mapema kama mfumo wako una sehemu za stenlesi (chuma kisichoshika kutu). Hapo haidrokloriki haifai hata ikiwa na kizuizi. Tutakuja na asidi ya sitriki, na kazi itachukua muda mrefu zaidi.