Ekolojia si kufagia tu

Mheshimiwa Mhariri,

Wanafunzi wangu hapa Kadutu, Bukavu, wakisikia ekolojia wanafikiria salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na kuzibua mifereji. Huo ni usafi. Ekolojia, jina alilolitunga Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866, ni sayansi inayouliza nani anamla nani, na viumbe wanaishije pamoja.

Juzi nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kikombe kimoja sokoni, nikampasua mmoja kwa wembe mbele ya darasa. Tumboni mlikuwa na uji wa kijivu tu. Sambaza hula vidudu vya maji, vidudu hula miani, na miani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tena sambaza si mwenyeji wa Kivu: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Alipozoea, kidudu kikubwa kiitwacho Daphnia kikatoweka ziwani. Samaki mdogo hivyo!

Naomba gazeti letu liwape nafasi wavuvi wa usiku watueleze wanayoyaona chini ya taa zao. Wanaovua kwa vyandarua wanazoa hata watoto wa sambaza, na jambo hilo linaniuma sana.

Mwalimu wa biolojia, Kadutu