Siri za wagonjwa zihesabiwe zikiwa zimefungwa

Mhariri,

Mimi ni karani wa rekodi katika zahanati moja hapa Lamu. Mwaka jana orodha ya kina mama wajawazito ilipelekwa bara ikajumlishwe. Wiki haijaisha, mimba ya binti mmoja ikawa gumzo barazani. Alikuja dirishani kwangu analia, buibui limelowa. Iliniuma.

Tangu 2009, mwanasayansi wa kompyuta Craig Gentry alipoonyesha njia, kompyuta yaweza kufanya hesabu ya aina yoyote, si kujumlisha tu, juu ya takwimu zilizosimbwa, yaani zilizofichwa kwa msimbo wa siri, bila kuzifungua. Kikwazo ni kasi: hesabu ndogo huweza kuchukua muda mara maelfu zaidi. Ndiyo maana wahandisi wanaunda chipu maalumu, na wengine wanaandika programu za kadi za grafiki, zile zile za kuchezea gemu. Wahadhiri wetu wa Pwani, wapeni wanafunzi kazi hii.

Karani wa rekodi,
Langoni, Lamu