Hamadi, nitafutie jina El Alamein

Kwako Hamadi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anasema kwenye ile picha umekonda, ule. Mengine baadaye. Nina shida moja nayo haingoji, maana Saidi kaniambia mkataba wako hapo Aleksandria unakwisha na huenda usirudi tena Misri.

Nataka uende El Alamein. Ni kilomita mia na kitu tu kwa barabara ya pwani, ukielekea magharibi. Kuna makaburi ya Vita vya Pili vya Dunia, na mlango wa kuingilia ndio mnara wenyewe wa ukumbusho. Humo yamechongwa majina ya waliokufa bila kaburi kujulikana. Wanajeshi wa anga peke yao ni zaidi ya 3,000. Nitafutie Pattle.

Ndiyo, nimeanza tena na marubani wangu. Cheka umalize, kisha usome.

Huyu alizaliwa Afrika Kusini, mji wa Butterworth, mwaka 1914. Jeshi la anga la kwao lilimkataa, akaenda kujiunga na la Uingereza. Agosti 1940 Waitalia wakamtungua jangwani Libya. Akaruka kwa mwavuli, akatembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Misri hadi askari wa upande wake wakamwokota. Hapo bado anarusha Gladiator, vile vindege vya mabawa mawili juu na chini! Mwingine angeomba kazi ya ofisini.

Yeye akapelekwa Ugiriki, na mwaka uliofuata akapewa Kikosi cha 33 akiongoze. Kufika tarehe 20 Aprili 1941, Wajerumani wameshaingia nchini na ndege za kivita za Waingereza, Hurricane, za kuilinda Athens zimebaki 15. Pattle ana homa, anatetemeka ndani ya blanketi. Ndege za adui zikaja, akainuka akaenda kurusha. Juu ya Ghuba ya Eleusis akamwona mwenzake kabanwa na Messerschmitt, ndege ya Wajerumani, akashuka kumtetea, nao wengine wakamjia kwa nyuma. Akaangukia baharini. Yule mwenzake naye hakurudi. Miaka 26, Hamadi.

Saidi yeye hesabu tu: alitungua ndege 40 au 50? Karatasi za kikosi zilipotea katika kukimbia Ugiriki, kwa hiyo tutabishana hadi kiyama. Rubani Johnson wa Uingereza anatajwa kwa 34 na hakuna anayebisha, kwa kuwa zake ziliandikwa. Mimi hesabu hainisumbui, na hata hizo 50 zilikuwa na vijana wa watu ndani. Kinachonisumbua ni homa. Hivi hakukuwa na mtu wa kumwambia alale? Halafu nakumbuka kwamba mkuu wa kikosi alikuwa yeye. Mkubwa akiugua, mdogo gani atamfungia mlango? Na huku ndege ni 15, wote wamechoka, labda hata aliyetaka kumzuia alihesabu akanyamaza. Sijui. Nimemwambia Saidi haya, akanijibu "lakini zilikuwa zaidi ya 40." Mtu huyu!

Basi ndiyo maana nataka picha. Mwili wake haukuwahi kuzikwa mahali panapojulikana, na jina limewekwa Misri, mbali na bahari alikoangukia na mbali zaidi na kwao. Angalau mtu anayejua habari yake alisimamie kidogo.

Utaweza kabla hujaanza kufunga mizigo? Una gari au utapanda basi? Simu yako inapiga picha ya karibu, herufi zikasomeka? Ukiwa pale utaniangalizia kama watu wanafika, au ni upepo tu? Lile begi la Saidi ulilipata? Na hii habari ya kwamba unaoa huko huko ni kweli, au ni Saidi tena na hesabu zake? Mama anauliza kila siku, nimjibu nini?

Wako,
Mbaraka