Barua kwa Mwanangu: Samoni wa Bristol Bay na Shaba ya Pebble

Mwanangu,

Marahaba. Insha yako juu ya mgodi wa Pebble uliopangwa kule Alaska nimeisoma. Nguvu zote umezipeleka kwenye hofu ya kupasuka kwa bwawa la topesumu, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa mgodini. Si hofu ya bure: la mgodi wa Mount Polley, Kanada, lilipasuka Agosti 2014, tope likafika Ziwa Quesnel. Lakini hata bwawa likisimama imara hasara ipo, na hapo ndipo insha inapopwaya.

Shaba ya Pebble imefungamana na salfaidi, yaani madini yenye salfa. Mwamba ukisagwa, ukapata hewa na maji, hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha shaba. Sasa, samoni hurudi kwenye kijito alikozaliwa kwa kufuata harufu, na shaba huua pua kabla haijaua samaki. Kwa samoni wachanga, nyongeza ya mikrogramu 2 tu katika lita ya maji hudhoofisha kunusa ndani ya saa chache. Harufu ya hatari hawaipati, wanaliwa. Anayeuliza "mbona hatuoni samaki wanaoelea?" ameuliza swali lisilo lenyewe.

Eneo hilo ni chanzo cha mito Nushagak na Kvichak, inayomwaga maji ghuba ya Bristol Bay, penye samoni wekundu wengi kuliko popote duniani. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilipozuia taka za mgodi huo Januari 2023, ilihesabu karibu kilomita 160 za vijito ambavyo vingepotea. Zuio linahusu madini ya Pebble. Usiandike kwamba bonde zima limepona.

Halafu umeandika Wayup'ik na Wadena'ina, wenyeji wa asili wa huko, "hula samaki". Haitoshi! Eleza kazi ya dago, kambi ya wavuvi: samaki hupasuliwa kwa uluaq, kisu chenye makali ya mviringo, minofu ikiachwa imeshikana mkiani ili itundikwe. Hupigwa upepo mpaka juu pafanye utando mkavu, ndipo huingia banda la moshi. Ukiwahi, unyevu hubaki ndani na nyama huvunda. Moto ukizidi, nyama huiva ikadondoka. Mtoto hujifunza hayo kwa kushika samaki wengi msimu mzima. Fidia ya pesa haimfundishi.

Ukirekebisha, tafuta vipimo vya shaba iliyoyeyuka, kisha uangalie vilichukuliwa wapi. Kwenye mto mkubwa maji mengi huificha. Dai vya vijito vyembamba, na vya maji yanayochipuka chini ya kokoto, maana mayai hulala humo.

Mama yako