Bi mkubwa nyuma, Wete mbele

Chake Chake, Pemba
Agosti

Swahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, kusi linavuma na watu wameshaingia mikarafuuni. Umeniuliza kama ukija na mkeo mtaweza kwenda kaskazini na kurudi kwa pikipiki siku moja, ukatia na kejeli kwamba Pemba haina mlima wa maana. Mlima wa kupandiwa na wazungu kwa kamba hatuna, kweli. Lakini huku ni kilima, bonde la mpunga, kilima tena, na kona hukohuko juu. Juzi nimempakia bi mkubwa, mama yangu, kutoka Chake mpaka Kigomasha, ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo jibu ninalo.

Kwanza habari ya abiria, maana hiyo ndiyo safari yenyewe. Bi mkubwa hapandi kiume, anakaa upande. Pindo la buibui kalikunja akalikalia, kwani likiachwa lipepee mnyororo unalichukua. Mkono mmoja kanishika kiunoni, wa pili kakumbatia kikapu. Mtu akikaa hivyo uzito wote unavuta kushoto, na ukifika kona ya kulia pikipiki inasita kulala. Nikamwambia, bi mkubwa, kona ikija usishindane nayo, tulia kama gunia. Akasema, "Gunia wewe! Angalia mbele."

Mkeo mwambie avae suruali ndani, apande kiume. Tairi la nyuma litie upepo wa kutosha. Kwenye kupanda rudisha gia mapema, usingoje chombo kianze kukohoa; kwenye kushuka usitoe gia ukategemea breki peke yake, abiria atakuserereka mgongoni na nyote mtaishia mpungani. Na mvua ikinyesha, njia za udongo mwekundu ziache. Hapo sina mjadala.

Chake hadi Wete kwa njia ya zamani ni kilomita 22 tu, lakini sisi ilituchukua asubuhi nzima. Kila tulipopita karafuu zimeanikwa, bi mkubwa ananigonga bega nisimame. Harufu unaipata kabla hujaona kitu, unakata kona ndiyo unakuta majamvi yamepangwa ukingoni mwa lami, karafuu mbichi upande huu, zilizokwisha kuiva jua rangi ya kahawia upande ule. Kaa katikati ya njia, usikanyage mali ya watu. Kwenye baraza moja wanawake walikuwa wakichambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, na bi mkubwa akavua kofia ngumu, akakaa akachambua nao kama aliyealikwa. Mikono yake haijasahau. Akawauliza mwaka huu mchumaji analipwa kiasi gani kwa pishi, wakamtajia, akaguna. Nilisimama juani na funguo mkononi mpaka wakamaliza habari za harusi zote za tangu mfungo mosi.

Na wewe mtu wa Unguja usinitambie mikarafuu. Tufani la 1872 liliing'oa ya kwenu, ya huku kwa sehemu kubwa ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zinatoka kwetu.

Kidike tuliingia kuwaona popo. Hawa ni popo wa Pemba, hawapo pengine duniani, na akitanua mabawa anapita mita moja na nusu. Mchana wananing'inia mitini wakigombana kwa makelele. Zamani waliwindwa wakaliwa mpaka wakakaribia kwisha. Sasa wanakijiji ndio wanaowalinda, na mgeni analipa kiingilio. Bi mkubwa alitazama juu muda mrefu, kisha akasema nyama yake ilikuwa tamu. Yule kijana aliyetutembeza hakucheka.

Wete tulikula mkate wa boflo na pweza, tukateremka ile barabara inayoshuka mpaka bandarini, tukapanda tena. Konde tulinunua machungwa tu.

Baada ya Konde unaingia msitu wa Ngezi, na hapo ndipo utakaponishukuru. Joto lote la njiani linakatika ghafla, miti imekutana juu, mivule mikubwa, tumbili wanavuka mbele ya tairi. Punguza mwendo. Bi mkubwa, ambaye tangu Chake hakunyamaza, humo alinyamaza; nilidhani kasinzia, nikamgonga goti, kumbe anasoma dua. Anasema watu wa zamani hawakuwa wakipita humu wakipiga kelele.

Ufukwe wa Vumawimbi mchanga mweupe na upepo, hamna mengi ya kueleza, utajionea. Kigomasha kuna mnara wa taa uliojengwa 1900. Mimi nilipanda, bi mkubwa alibaki chini anamenya chungwa. Ukiwa juu unaona bahari pande zote na kijani ya Makangale nyuma yako.

Kurudi tulipita njia mpya, pana, haina habari. Jioni ng'ombe wanarudishwa majumbani na hawajui honi, kwa hiyo usipange kurudi usiku.

Kofia ya abiria niliyonayo sifongo lake limekwisha, njoo na ya mkeo. Na nijulishe mnapanda boti gani, nije niwapokee Mkoani. Mizigo tutaitia kwenye gari ya 603, ile daladala ya Mkoani na Chake, nyinyi mtanifuata na chombo nilichokwisha kukuazimia kwa ami. Bi mkubwa anakusalimu, na ameshasema yeye Ngezi anakwenda tena, kwa hiyo kiti changu cha nyuma kina mtu.

Wassalaam,
Nduguyo wa Chake