Gari inapandisha na kushusha rezi (mzunguko wa injini) yenyewe ukisimama kwenye mataa? Usiguse skrubu kwanza

Baridi ya Arusha ikishaanza kuuma simu za gereji zinaita mapema, na maneno ni yaleyale, "fundi gari inazima nikisimama", "fundi mshale unapanda unashuka wenyewe", "fundi asubuhi lazima nishikilie mafuta ndo itulie". Nyingi ni Corolla, Carina na Starlet za miaka ya 90, mikweche yetu hii, na hatumcheki mtu maana hata sisi mafundi ndo tunazopanda kwenda nyumbani.

Kinachotuchosha sio ugonjwa wenyewe, ni kwamba gari ikifika kwetu mara nyingi tayari kuna mtu kashakaza skrubu ya sailensi, yani ya ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, au kavuta kebo ya mafuta ili isizime. Siku mbili tatu unaona imepona. Alafu inaanza kunywa mafuta, ukiachia mguu gari haitaki kupungua mwendo, ukiingiza gia ya D kwenye otomatiki inaruka kama imepigwa teke, na ugonjwa wa mwanzo bado upo palepale ila sasa umefunikwa. Skrubu ile ilisetiwa na waliotengeneza injini, haijilegezi yenyewe usiku ukiwa umelala.

Tuelewane kwanza sailensi ni nini. Gari imewaka, mguu haupo kwenye mafuta, kile kipepeo cha throto, mlango wa hewa ya injini, kimefunga, kwa hiyo hewa ya kuifanya injini iendelee kuzunguka inapita kinjia kidogo cha pembeni, na kwenye hicho kinjia kuna valvu ambayo kontroli boksi, yani kompyuta ya injini, inaifungua na kuibana. Injini ikiwa ya baridi inapewa hewa zaidi, ndo maana asubuhi unakuta mizunguko 1,200 kwa dakika au hata 1,500, hiyo ni kawaida kabisa usishtuke. Ikishapata moto inashuka inakaa kwenye 700 au 800 hivi. Kama dashbodi yako haina mshale wa rezi tumia masikio tu, utasikia ile sauti inavyopungua taratibu kadiri injini inavyopata moto.

Juzi alikuja mwalimu mmoja anatokea Tengeru na Corolla yake ya zamani. Gari inapumua, yani ukisimama rezi inapanda mpaka karibu 1,500, inaanguka ghafla kama inataka kuzima, inapanda tena, hivohivo bila kupumzika. Kashapita kwa mafundi wawili, plagi mpya, eakilina mpya, skrubu imekazwa mpaka kichwa kimeharibika. Mimi nikamuuliza swali ambalo yeye aliliona halihusiani.

"Mwalimu, maji mnaongeza kila baada ya muda gani?"

"Maji? Hayo anaweka kijana wangu kila Jumamosi."

"Mengi?"

"Kichupa kile cha lita moja na nusu, kinaisha chote."

Tukaangaliana na mwenzangu. Lita moja na nusu kila wiki haijai kwenye rejeta bure, inaenda mahali. Tukasubiri injini ipoe (usije ukafungua mfuniko wa rejeta ya moto, tafadhali, tumeshaona watu wameungua), tukafungua, maji yana rangi ya kutu, na raba ya mfuniko imekakamaa haina tena uwezo wa kubana kitu.

Sasa maji na sailensi wapi na wapi? Kwenye injini nyingi za zamani maji ya moto yanapitishwa mpaka chini ya throto, na baadhi zina kivalvu chenye nta ndani. Nta ikipata moto inatanuka, inaziba ile hewa ya ziada ya asubuhi. Maji yakipungua au hewa ikinasa mle ndani, ule moto haufiki, kivalvu kinabaki wazi kinadhani bado ni alfajiri. Rezi inapanda. Kontroli boksi ikiangalia inaona injini ina moto, mguu haupo kwenye mafuta, lakini rezi ipo juu, inadhani unateremka mlima, inakata mafuta. Rezi ikianguka inarudisha mafuta. Inapanda tena. Ndo huko kupumua kwenyewe, na kila mtu alikuwa sahihi kivyake isipokuwa maji.

Na hapa kwetu mfuniko una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya kwenye sufuria huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi sio 100. Mfuniko mzima unabana presha mpaka maji yanavuka 110 bila kuchemka, mfuniko mbovu unakuacha na zile 95 zako, na injini ikishakaa foleni kidogo pale Sanawari tayari inazikaribia. Yanachemka, yanatoka, Jumamosi kijana anajaza tena. Kwa mwalimu tuliosha mfumo, tukaweka mfuniko mpya na kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba, tukatoa hewa yote, tukasafisha throto na valvu, tukarudisha skrubu. Mshale ukakaa kwenye 750. Akawasha taa, feni na AC kwa pamoja, ukashuka kidogo ukarudi wenyewe. Hivo ndo inavyotakiwa.

Sio kila gari shida ni maji. Paipu za vakyumu, zile za mpira zinazopitisha mvuto wa hewa wa injini, zikizeeka zinapasuka, hasa zile za kona na ile nene ya kwenda kwenye busta ya breki, na hapa mjini kwa vumbi na joto la boneti zinakauka zinakuwa kama makaroni. Injini yenye sensa ya MAP, ile inayopima presha ya hewa iliyokwisha pita throto, ikivuta hewa kupitia hapo rezi inapanda, injini yenye sensa ya kupima hewa kwenye bomba ndo inatetemeka na kutaka kuzima, kwa sababu ile hewa imeingia bila kupimwa. Sisi wenyewe tulishawahi kumbadilishia mteja valvu ya sailensi, baadae tukakuta kumbe ni paipu imechanika upande wa chini ambako hakuna aliyeinama kuangalia. Tulimrudishia hela yake, na tangu siku hiyo tunaanza na tochi.

Kama inatetemeka kwa mdundo, tu tu tu, kama silinda moja imelala, hiyo ni misi, angalia plagi, waya zake na kofia ya distribyuta. Na kama mshale umetulia kabisa ila usukani na siti vinatikisika ukiwa kwenye D, injini haina kosa, maunting, zile raba zinazoishika injini, zimekufa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe nyumbani unaweza kusafisha throto kwa dawa yake na kitambaa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, maana dawa ile inashika moto kirahisi sana. Ukimaliza usishangae sailensi kuwa ya ajabu kidogo, iache iwake yenyewe dakika kadhaa kontroli boksi ijifunze upya.

Ukiamua kutuletea, ilete jioni iliyotangulia uiache ilale hapa, tunataka tuiwashe sisi asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, kwa sababu gari iliyotoka Usa River au Kisongo ikifika hapa imeshapata moto na nusu ya ugonjwa imejificha. Usioshe injini kwanza, uchafu na mafuta yaliyovuja vinatuonyesha pa kuanzia. Tuambie vifaa vyote vilivyobadilishwa, hata vile unavyoona aibu kuvisema, na kama kuna mtu ameshika ile skrubu tuambie pia, hatumuulizi jina. Kuangalia na kusafisha throto tunachukua 30,000, kifaa kikihitajika tunakupigia kwanza ukubali bei ndo tufungue, na cha zamani utakikuta kwenye buti ukija kuchukua gari.