Barua kwa mwanangu: simu ya kwenda nayo Lubumbashi

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku, nikamsomea na mama yako, amefurahi mpaka akanyamaza, unamjua mama yako akifurahi sana haongei. Kwa hiyo umekabidhiwa treila na safari ya kwanza ni Lubumbashi moja kwa moja. Mungu akutangulie. Sasa umeniuliza ununue simu gani maana ofisini wamekwambia karatasi zote zinatumwa kwa imeili na unatakiwa upatikane mtandaoni njia nzima, mi nikaona hili nisilijibu kwa meseji, nikuandikie kabisa, sababu nalijua na lilishaniumiza.

Nikuambie kilichonipata Kasumbalesa, pale mpaka wa Zambia na Kongo, mwaka 2017. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri tu, kioo kikubwa, picha safi, ila ina sehemu ya laini moja. Tulipovuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, nikatoa laini ya Tanzania nikaweka ya Zambia, ile ya kwetu nikaifunga kwenye karatasi ya bigijii nikaichomeka juu pale kwenye kizuia jua. Njia nzima shwari, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, mpaka nikafika mpakani. Pale wakasema ankara ya mzigo ina kosa la uzito, ofisi irekebishe. Ofisi wakarekebisha siku hiyohiyo wakatuma kwa imeili. Nafungua imeili, inaniambia ingia upya, nikaweka paswedi, ikasema tumetuma namba za kuhakiki kwenye simu yako inayoishia na nne sita. Ambayo ndo ile laini iliyoko kwenye karatasi ya bigijii. Nikapeleka mkono pale juu, hakuna kitu. Tumetoa mazulia, tumefungua viti, utingo wangu kalala chini ya pedali na tochi mdomoni, laini hatukuiona mpaka leo. Siku nne nimekaa pale, Hamisi. Karatasi ipo, imeshatumwa, inanisubiri, na mi siwezi kuifikia. Kilichoniokoa ni dereva mwenzetu aliyekuwa nyuma bado yuko Chingola, ofisi wakamtumia yeye, akaja nayo.

Kwa hiyo cha kwanza kabla hujaangalia jina la simu, angalia sehemu ya laini. Ziwe mbili, za kuchomeka kwa mkono. Laini ya Tanzania inakaa namba moja haitoki humo hata siku moja, sababu ndo inayopokea namba za kuhakiki na ndo yenye hela yako, ya pili ndo unabadilisha, leo ya Zambia kesho ya Kongo. Na muulize muuzaji kuhusu memori kadi, zipo simu nyingi zinaandikwa laini mbili lakini ukiweka memori kadi inakula nafasi ya laini ya pili, hapo unakuwa umerudi kulekule kwenye laini moja. Mwambie akufungulie hicho kitreyi cha laini dukani ukione kwa macho.

Shangazi yako wa Marekani najua atataka kukutumia ayfoni, ana moyo mzuri na usimkatalie vibaya, ila mweleze. Zile iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia ya 14, ile ya mwaka 2022, hazina kabisa tundu la laini, zinatumia laini ya kielektroniki tu, ile wanaita eSIM. Sasa we ukifika Nakonde saa mbili usiku unataka laini ya Zambia, yule mama wa kibandani anakupa kadi ya kuchomeka, utaichomeka wapi? Alafu nyingine zinakuja zimefungwa kwa kampuni ya kule, mpaka deni liishe ndo zifunguliwe. Mwambie kama anataka kukusaidia akutumie hela ya chaji na bando.

Cha pili betri. Hapa sitaki ubishi. Isipungue 5,000 mAh, hicho ndo kipimo cha ujazo wa betri, na siku hizi hata simu za bei ya kawaida zinazo, Samsung hizi za A zinazo, Redmi zinazo, Tecno na Infinix zinazo na wengine wanafika 6,000. Usidanganywe na kamera tatu nyuma. We foleni ya mpakani Tunduma unaweza kulala siku mbili tatu injini imezimwa. Nunua na pawabenki ya 10,000, ila usihesabu kwamba itajaza simu ya 5,000 mara mbili kamili, umeme mwingine unapotea njiani kwa joto, hesabu mara moja na kidogo, ikizidi sana mara moja na nusu.

Na hii madereva wengi wageni wanaikosea: gari yako ni ya volti 24, siyo 12 kama taksi. Zile chaja za kuchomeka kwenye kiberiti zinazouzwa barabarani, nyingine ni za 12 tu, ukichomeka kwenye treila inaungua na inaweza kwenda na simu. Isome pale ubavuni, iandikwe 12 mpaka 24. Ikiwa haijaandikwa iache.

Enzi zangu, mwaka 2009 hivi, nilikuwa na Nokia E71, ile ya kibati yenye vitufe vyote vya herufi mbele, ilitoka mwaka 2008. Betri yake ilikuwa 1,500 tu lakini ilikuwa inakaa siku mbili tatu, sababu kioo kilikuwa kidogo na haikuwa na mambo mengi, nilikuwa nasoma imeili kwa Opera Mini ambayo inabana kurasa kabla hazijafika kwenye simu, bando la siku linatosha. Mwaka huohuo wa 2009 ndo waya wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar kupitia baharini, kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa inategemea setilaiti, ghali na ya kujikongoja. Naipenda ile simu hadi leo, ipo kwenye droo. Lakini usije ukanunua simu ya zamani kwa sababu baba yako anaipenda. Simu ikishaachwa na waliotengeneza imekwisha. Bosi wangu alikuwa na BlackBerry, aliishika kama msahafu, tarehe 4 Januari 2022 kampuni yenyewe ikazima huduma za zile za zamani, kesho yake akawa ameshika tofali. Ndo maana nakwambia uliza apdeti za usalama zitakuja miaka mingapi. Samsung A16 wameahidi miaka sita, na hiyo kwangu ina uzito kuliko kamera. Kwenye simu kuna imeili ya kazi na hela zako, huwezi kukaa na mlango usiobadilishwa kitasa.

RAM, ile memori ya simu ya kufanyia kazi, isiwe chini ya giga 4. Hizi za giga 2 ni nzuri kwa bibi kupiga na kupokea, lakini ukifungua ramani inafunga imeili, ukirudi kwenye imeili inaanza kupakia upya na mtandao wenyewe ni wa kuokoteza. Kioo kiwe na mwanga wa kutosha, toka nacho nje ya duka saa sita mchana ujaribu kusoma meseji, ndani ya duka kila kioo kinang'aa.

Kamera nilisema usidanganywe nayo lakini inayo kazi moja, kupiga picha karatasi. Delivari, ile karatasi ya kupokelea mzigo, ikishasainiwa na kugongwa muhuri Lubumbashi ofisi wanaitaka palepale ndo wakulipe posho iliyobaki, na ukituma picha yenye kivuli cha kichwa chako wanakurudishia. Kwenye programu ya Google Drive kuna sehemu ya kuskani, inanyoosha karatasi inakutolea PDF safi, jizoeze ukiwa nyumbani. Muhuri usomeke mpaka tarehe.

Ukishanunua, kabla hujaondoka Dar, kaa chini saa nzima uipange. Saa nzima kweli, siyo dakika tano huku unakula. Kwenye akaunti ya Google nenda sehemu ya usalama uchukue zile namba za akiba, za kuingilia hata kama laini huna, wanakupa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja, ziandike kwenye daftari lako la safari kurasa ya nyuma, kwa kalamu. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyohiyo, simu ikiibiwa zimekwenda nayo. Ningekuwa na hizo namba Kasumbalesa nisingelala pale siku nne.

Alafu imeili yenyewe. Watu wanadhani imeili ikishaingia basi ipo, hapana, kinachoingia ni maneno, ile atachimenti inabaki huko mtandaoni mpaka uiguse. Kwa hiyo kila ofisi wakikutumia karatasi ifungue palepale, ishushe, iweke kwenye faili lake. Kuna vipande utakuta mtandao hamna, mi Kitonga kwenye zile kona ulikuwa unanikatikia, ndani ya hifadhi ya Mikumi unakuja na kuondoka, na Zambia huko kati ya Mpika na Serenje ni pori tu, sasa askari akisimamisha gari pale anataka kuona kibali, huwezi kumwambia afande subiri bando. Ramani nayo ishushe mapema ukiwa kwenye waifai, Google Maps inakuruhusu kushusha eneo zima ukatumia bila mtandao.

Ukikaribia Tunduma zima data ya nje kwenye laini ya Tanzania. Simu haijui mpaka, inashika mnara wenye nguvu, na pale ukiwa bado hujavuka inaweza kushika mnara wa Zambia na kuanza kukata kwa bei ya nje huku we umelala. Mi vocha ilishaisha yote usiku mmoja na sikupiga simu hata moja. Na jambo jingine la palepale, saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja, Lubumbashi vilevile. Simu ikishika mnara wa ng'ambo inajirudisha yenyewe. Niliweka alamu ya saa kumi alfajiri niwahi foleni, ikalia saa kumi kwa saa za Zambia, huku kwetu ni saa kumi na moja, foleni imeshanipita. Siku ya kulala Tunduma zima ile saa ya kujibadilisha, iweke kwa mkono.

Laini ya Zambia nunua kwa wakala, na pasipoti yako, isajiliwe kwa jina lako. Vijana watakufuata mpaka dirishani na laini zilizosajiliwa tayari kwa majina ya watu, usichukue, huyo mtu akifanya uhalifu jina lake limo kwenye simu yako. Lubumbashi utapata shida ndogo zaidi ya unavyodhani, watu wa kule wanaongea Kiswahili, chao kina Kifaransa kingi ndani lakini mtaelewana, muulize mwenye duka taratibu atakuwekea.

Kuhusu pa kununulia, nenda Kariakoo mtaa wa Aggrey mchana, usiende jioni watu wakiwa wanafunga. Ukiwa umeshika simu bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho ya simu, ilinganishe na ya kwenye boksi alafu itume kwa meseji kwenda 15090 wakujibu ni simu gani. Jina litakalorudi lifanane na ulichoshika. Unakumbuka mwaka 2016, Juni 16 usiku, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki zote nchi nzima, mjomba wako aliamka asubuhi anadhani ameishiwa chaji. Na ukiamua kuchukua used ya Dubai, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake mpya, ikidai akaunti ya mtu mwingine mrudishie hapohapo. Mi ningekushauri mpya ya bei ya kati kuliko used ya bei kubwa, kwa kazi yako hii.

Usiiweke juu ya dashibodi juani. Pale Chalinze kwenda Morogoro saa nane mchana kile kioo cha mbele kinapika, betri inavimba pole pole hata huoni. Tafuta kishikio cha pembeni kwenye tundu la upepo. Na gari ikiwa inatembea usiishike, imeili haina haraka kuliko maisha yako, toka pembeni, simama, weka hendibreki, soma.

Chaja ya volti 24 usinunue, ninayo hapa mpya, nilichukua juzi Mbeya nikaijaribu kwenye gari la jirani inafanya kazi vizuri. Ukifika Mafinga nibipu tu, mama yako aanze kupika, Makambako nitakuwa nimesimama pale pale kwenye mzani nakusubiri na chaja mkononi.

Baba yako